Mhusika wa Damu Mbili: Mwongozo Kamili wa Kumjenga kwa Mchezo wa Mezani

Kaa na wachezaji wapya wa mchezo wa kuigiza wahusika kwa masimulizi na dadu, Dungeons & Dragons, utasikia maelezo yaleyale: "Mhusika wangu ni nusu Mwelfi, nusu binadamu, hakubaliki popote." (Mwelfi ni kiumbe wa kubuni mwenye masikio yaliyochongoka na maisha marefu.) Haya, halafu? Kikao kinaanza, kundi linaingia pangoni, dadu zinarushwa, na ule unusu hautajwi tena mpaka kampeni, yaani mfululizo mzima wa vikao, inakwisha. Umebaki kwenye mchoro tu, masikio yamechongoka.

Mchezaji huyo amehesabu damu, hakuhesabu ndugu. Damu haisemi kitu mezani. Anayesema ni shangazi anayetaka harusi, mjomba anayedai mtoto arudi kwao, na babu asiyetaka kumtaja mjukuu kwa jina. Ukitaka asili mbili za mhusika wako zifanye kazi kila kikao, anza na hao. Namba zitafuata, nazo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani.

Hapa tutamjenga mhusika mmoja tangu mwanzo hadi karatasi yake ijae. Jina lake Dagra, mama yake ni Mdwafu, kiumbe wa kubuni, mfupi na mnene, wa milimani, baba yake binadamu wa bandarini. Wewe badilisha upendavyo.

Hatua ya 1: Jua mnatumia kanuni zipi

Usianze kuandika kabla hujamuuliza mwendesha mchezo, yule anayesimulia na kuamua kanuni mezani, swali hili, kwa sababu jibu limebadilika sana miaka hii.

Dungeons & Dragons ilitoka mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, na kufikia kitabu cha wachezaji cha 1978 nusu Mwelfi na nusu Morki (Morki ni kiumbe wa kubuni mwenye nguvu nyingi) walikuwa tayari kwenye orodha. Toleo la 2014 liliwapa faida zilizotokana na kuzaliwa kwao. Nusu Mwelfi aliongezewa 2 kwenye Haiba na 1 kwenye sifa nyingine mbili, akaona gizani hadi futi 60, na uchawi wa usingizi haukumpata. Nusu Morki aliongezewa 2 kwenye Nguvu na 1 kwenye Ustahimilivu, na akiangushwa hadi pointi 0 za uhai aliweza, mara moja kabla ya kupumzika vya kutosha, kubaki na pointi 1 na kuendelea kupigana.

Kitabu cha 2024 kimewaondoa wote wawili kwenye orodha yake ya asili 10, yaani aina za viumbe wa kuchezwa. Morki kamili yumo, Mwelfi yumo, ila wale wa katikati hawapo. Badiliko la pili ndilo kubwa zaidi kwetu: nyongeza za sifa sasa zinatoka kwenye usuli, yaani kazi na maisha ya mhusika kabla ya safari, hazitoki tena kwenye kuzaliwa. Meza nyingi zimeziba pengo la damu mbili kwa njia iliyokuwemo kwenye rasimu ya majaribio ya mwaka 2022: chagua mzazi mmoja, chukua uwezo wake wote wa kikanuni, kisha mwonekano uchanganye utakavyo.

Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hiyo, nao walipitia njia yao. Toleo lao la pili, la 2019, liliwaweka nusu Waelfi na nusu Waorki kama matawi ya binadamu. Marekebisho ya 2023 yakawapa majina mapya, aiuvarin na dromaar, na tawi hilo sasa linaweza kupandikizwa kwenye asili yoyote. Mdwafu mwenye mzazi Mwelfi anaruhusiwa kwenye kitabu chenyewe bila kumbembeleza mtu. Kwa kazi hii hasa, naona Pathfinder wamewashinda wenzao.

Kuhusu gharama, usiagize kitabu kutoka nje kisha uanze kuhangaika na posta na ushuru. Kanuni za msingi za Dungeons & Dragons za kizazi cha 2014 ziliwekwa huru chini ya leseni ya Creative Commons mwezi Januari 2023, na nusu Mwelfi na nusu Morki wamo. Za kizazi kipya zilifuata 2025. Za Pathfinder unazisoma bure kwenye tovuti ya Archives of Nethys. Simu yenye bando inatosha.

Dagra tutamjenga kwa kanuni za 2024, na uwezo wake utatoka kwa mama.

Hatua ya 2: Kitu gani kiliwakalisha pamoja wazazi?

Swali la kawaida ni "walikutanaje". Hilo halina uzito, maana watu hukutana kila siku na hakuna anayezaa. Jiulize nini kiliwafanya wakae mahali pamoja muda wa kutosha.

Pwani ya Afrika Mashariki ina jibu zuri la kuazima. Majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yalishuka na kaskazi, na hayakuweza kurudi mpaka kusi ivume. Katikati hapo nahodha na mabaharia wake wana miezi ya kungoja. Wanapanga nyumba, wanafanya biashara, wanaoa. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa kwenye jarida la Nature mwaka 2023, uliochunguza mabaki ya watu 80 wa pwani yetu wa zama za kati na baadaye, ulikuta mchanganyiko unaoanzia takribani mwaka 1000: upande wa Asia umetoka zaidi kwa wanaume, wengi wao wa asili ya Uajemi, na upande wa Afrika zaidi kwa wanawake. Lugha iliyobaki nyumbani ikawa ya mama. Kwa mjenzi wa mhusika hapo kuna kanuni ya kutembea nayo: aliyekuja mgeni huleta kitu, na mwenye nyumba ndiye anayeamua mtoto atazungumza nini.

Kwa hiyo tafuta "upepo" wa dunia yenu. Inaweza kuwa theluji inayofunga njia ya mlimani nusu mwaka, karantini, mgodi unaohitaji mafundi wa kabila fulani, au mkataba wa amani unaotaka kila upande upeleke watoto wakalelewe kwa wenzao. Baba yake Dagra alikuwa mpagazi wa chumvi. Njia ya mlimani ilifungwa na maporomoko, akakwama kwa Wadwafu majira mawili ya baridi. Mama yake alikuwa karani wa ghala, akimdai baba kodi ya mizigo yake kila juma. Njia ilipofunguliwa, deni lilikuwa kubwa na mtoto yuko tumboni.

Jambo moja ningependa ulikwepe. Kwa miaka mingi hadithi za nusu Waorki zilisimama juu ya vita na ubakaji, kana kwamba Waorki hawaoi. Mambo hayo yana uzito, na mezani kwenu anaweza kuwepo mtu ambaye kwake si hadithi. Usiyalete bila wote kukubaliana kwenye kikao cha maandalizi, kabla mchezo haujaanza. Na hata mkikubaliana, jua umechagua chanzo kilichochoka.

Hatua ya 3: Nani anamdai mtoto?

Hii ndiyo hatua ya kuipa muda kuliko zote.

Jamii hazihesabu ukoo kwa namna moja. Kusini mwa Tanzania, Wamakonde, Wayao na Wamwera kwa desturi wamehesabu upande wa mama, na Waluguru wa Morogoro hivyohivyo: mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana kauli nzito kumhusu. Wachaga na Wahaya wanahesabu kwa baba. Sasa oanisha. Mama wa jamii inayohesabu kwa mama akiolewa na baba wa jamii inayohesabu kwa baba, mtoto anadaiwa na pande zote mbili. Geuza: mama anatoka kwa wanaohesabu kwa baba, na baba anatoka kwa wanaohesabu kwa mama. Kwa sheria za kwao wote wawili, mtoto huyo si wa ukoo wowote. Hakuna aliyemchukia. Ni utaratibu tu umemwacha nje.

Ona tulichopata. "Hakubaliki popote" sasa ina sababu, na sababu hiyo mhusika anaweza kuipigania: atafute mzee wa kumwingiza ukooni, atoe mali, afanyiwe jando au unyago kwa watu wasio wake, au aghushi nasaba. Upande wa pili, yule anayedaiwa kote ana matatizo ya aina nyingine, na kwangu mimi ndiye mtamu zaidi kumcheza. Kila anayempenda anamvuta.

Ukishaamua mpangilio, jibu maswali haya kwa sentensi mojamoja. Nani alimpa jina? Atarithi nini, na kwa nani? Nani anapaswa kupokea mahari yake, au kumsaidia kuitoa? Akifa, atazikwa wapi? Swali la mazishi watu huliruka, na ndilo linalofichua mengi. Kwetu familia zimefikishana mahakamani kugombea maiti. Hakuna sababu ya Waelfi kuwa wastaarabu kuliko sisi.

Dagra ni wa kudaiwa kote. Wadwafu wa kwao wanahesabu kwa mama, watu wa bandarini kwa baba. Upande wa mlima yuko mjomba wake, Hargu, mshika funguo za tanuri la ukoo, anayetaka arudi kujifunza kazi. Upande wa bandari yuko shangazi Mwanamkuu, ambaye ameshapokea wajumbe wa posa kutoka kwa mwenye majahazi matatu na hajamwambia mhusika. Wote wawili wanampenda kwelikweli. Ukiwafanya wabaya umeharibu, kwa sababu kumkimbia mtu mbaya ni rahisi mno.

Hatua ya 4: Mwili, na umri wake wenye utata

Mwonekano umalize haraka. Chagua mambo mawili yanayoonekana na moja lisiloonekana, acha mengine. Dagra ana urefu wa binadamu mfupi na viganja vya mama yake, vipana, vyenye vidole vinene. Kisichoonekana ni kwamba hawezi kulala mahali penye upepo; amezoea mwamba kichwani. Usichanganye kwa asilimia, sikio robo, pua nusu. Watoto hawazaliwi hivyo, na hakuna mchezaji atakayekumbuka.

Umri ndio mgodi. Kitabu cha 2014 kinasema Wadwafu hukua kwa kasi ya binadamu, ila wanahesabiwa vijana mpaka wafike miaka 50, na kwa wastani huishi kama 350. Dagra ana miaka 34. Bandarini ni mtu mzima zamani, na shangazi anaona aibu kumkuta bado yuko kwao. Mlimani ni mtoto: hawezi kuweka sahihi kwenye mkataba, kwenye karamu anakalishwa na wadogo, na mjomba anamkatiza akizungumza. Mtu huyohuyo, siku hiyohiyo, akivuka lango moja tu heshima yake inabadilika. Mwendesha mchezo akipata hilo, ana mchezo wa jioni nzima bila jini wala joka.

Kwa Waelfi pengo ni kubwa zaidi. Toleo hilohilo linawapa hadi miaka 750 na kuwahesabu watu wazima wakikaribia 100, wakati nusu Mwelfi anakomaa kwenye 20 na kuvuka 180. Maana yake mtoto anazeeka mbele ya mama ambaye bado anaonekana msichana, na kaka yake wa baba mmoja, binadamu kamili, anazikwa mhusika akiwa bado kijana. Chagua tukio moja kati ya hayo na uliandike kuwa limeshatokea.

Baba yake Dagra ana 61. Kwa hesabu za mkewe ndoa yao ndiyo kwanza imeanza.

Hatua ya 5: Namba

Sasa karatasi. Asili ni Mdwafu kwa kanuni za 2024: anaona gizani hadi futi 120, anastahimili sumu, anapata pointi 1 ya ziada ya uhai kila ngazi, na anaweza kuhisi mitikisiko kupitia mawe yaliyo karibu naye, hadi futi 60, kwa dakika 10.

Usuli ni Mfanyabiashara, upande wa baba. Usuli huo unaruhusu nyongeza kwenye Ustahimilivu, Akili au Haiba, na unampa ujuzi wa kushawishi, ujuzi wa kushughulikia wanyama na kipaji cha Bahati. Umeona mgawanyo? Mwili umetoka kwa mama, malezi kwa baba. Huu ndio mtindo ninaoupendekeza kwa toleo la 2024: mzazi mmoja kwenye asili, mwingine kwenye usuli. Karatasi inabeba wote wawili bila kubuni kanuni mpya.

Taaluma tunampa malenga, mtu wa nyimbo na uchawi wa maneno, kwa sababu aliyekulia kati ya pande mbili zinazomgombea lazima ajifunze kuongea. Tunagawa namba za kawaida 15, 14, 13, 12, 10 na 8 hivi: Haiba 15, Wepesi 14, Ustahimilivu 13, Akili 12, Busara 10, Nguvu 8. Ongeza 2 kwenye Haiba, inakuwa 17. Ongeza 1 kwenye Ustahimilivu, inakuwa 14. Pointi za uhai ngazi ya kwanza ni 8 za malenga, 2 za Ustahimilivu na 1 ya kwa mama: jumla 11. Akishawishi, anaongeza 5 kwenye dadu la pande 20.

Kisha pitia kila uwezo na ujiulize unafanya nini kwenye maisha yake, si vitani tu. Ule wa kuhisi mitikisiko unataka uwe umesimama juu ya jiwe au unaligusa. Kwenye jahazi la watu wa baba hakuna jiwe. Dagra akipanda chomboni, sehemu ya akili aliyoizoea tangu utotoni inazimika ghafla, kama umeme uliokatika usiku. Kwa hiyo ana mazoea: kila safari anashuka wa kwanza, anavua viatu na kuweka kiganja kwenye ngazi ya mawe ya gati kabla hajamsalimia mtu. Watu wa bandarini wanadhani anaomba dua. Kanuni moja kavu ya kitabuni imezaa tabia, na tabia hiyo inawaonyesha wazazi wote wawili bila hotuba.

Mkitumia Pathfinder, fanya kinyume: asili na tawi tayari vinabeba wazazi, basi usuli uuache uwe wa mhusika mwenyewe.

Hatua ya 6: Majina

Mpe mawili. Kila upande umwite lake, na uandike nani anatumia lipi. Azima na desturi za heshima ikikufaa: kwenye familia nyingi zetu mke hamtaji babamkwe kwa jina, hivyo mtoto aliyerithi jina la babu yake huitwa "baba" na mama yake mzazi. Mlimani anaitwa Dagra. Bandarini ni Zaina, jina la bibi mzaa baba. Akikasirika, mama yake ndiye pekee anayemwita yote mawili kwa mpigo.

Hatua ya 7: Kumpeleka mezani

Amueni mapema dharau ziishie wapi. Mchezo wenye ubaguzi kati ya makabila ya kubuni unaweza kuwa mzuri, lakini mwenzako mezani pengine aliitwa chotara shuleni kwa kejeli, na Alhamisi jioni hakuja kusikia hayo tena. Uliza. Kama jibu ni hapana, iondoeni yote; Dagra hapungukiwi na kitu.

Hata kama jibu ni ndiyo, chuki isiwe rangi pekee mliyonayo. Jaribuni utani. Wangoni na Wahehe walipigana karne ya 19, na wajukuu zao leo ni watani: wanatukanana hadharani bila mtu kukasirika, wananyang'anyana vitu, na kwenye msiba mtani ana ruhusa na wajibu ambao ndugu hana. Weka hilo kati ya Waorki na Waelfi. Mhusika wako mwenye damu zote mbili ni mtani wa nani? Je, anajitania mwenyewe? Mchezaji mwenye ulimi mwepesi atakula raha kwenye nafasi hiyo mpaka mtachelewa kwenda nyumbani.

Usimwage historia yote kikao cha kwanza. Hakuna anayetaka kusikiliza nasaba ya dakika 20 wakati nyama choma inapoa. Toa tabia moja, ile ya kiganja kwenye jiwe, na usubiri mwenzako aulize. Asipouliza, barua ya shangazi ifike kikao cha tatu.

Ndiyo maana mwendesha mchezo apewe karatasi fupi, ukurasa mmoja tu. Ya Dagra ingekuwa hivi:

*Mjomba Hargu:* anamtaka mlimani kabla hajatimiza 50. Ana funguo za tanuri, na kikohozi anachokificha.

*Shangazi Mwanamkuu:* amepokea posa na nusu ya mahari. Ameshaitumia.

*Deni:* kodi ya mizigo ya baba haijalipwa hadi leo. Kwenye daftari la ghala, kwa hati ya mama, imeandikwa "imesamehewa", na mama hakuwa na mamlaka ya kusamehe.

*Pa kuzikwa:* pande zote mbili zimeshatenga mahali.

*Ataishi miaka mingapi:* acha wazi. Mwendesha mchezo ajaze mwenyewe, na asikuonyeshe.